Kumkanda Mtu bila Kumdhuru: Jibu kwa Msomaji wa Ujiji

Swali: Nina umri wa miaka 26 na ninaishi Ujiji. Marehemu bibi yangu alikuwa akiwakanda wazazi, yaani wanawake waliotoka kujifungua, na wavuvi wenye maumivu ya mgongo, nami nilikuwa nikimchemshia maji na kumshikia taa. Sasa watu wananifuata mimi. Ninataka kukodi chumba huko Mwanga, mjini Kigoma, nifanye masaji kama kazi, lakini ninaogopa kumdhuru mtu. Nijifunze nini kwanza, na nitajuaje kwamba ninamkanda mtu kwa namna inayomfaa yeye?

Jibu: Dada yangu, nimelisoma swali lako mara mbili, na maneno yaliyonigusa ni yale ya mwisho, "namna inayomfaa yeye". Wengi wanaotaka kuingia katika kazi hii huuliza watumie mafuta gani, wabonyeze wapi na wanunue meza ya aina gani, lakini wewe umeuliza habari za mtu atakayelala mbele yako. Nimefanya kazi ya fiziotherapia, yaani tiba ya viungo, mkoani Tabora kwa miaka mingi, na ninaamini kwamba usalama wa kazi hii hupatikana kabla mkono haujagusa ngozi: katika yale unayomuuliza mteja, na katika yale unayoyaona tangu anapoingia mlangoni. Mkono wenyewe, hata uwe mzuri kama wa bibi yako, ni hatua ya pili.

Anza na lugha yetu. Mteja atakwambia, "Mshipa umenikaa vibaya." Katika Kiswahili cha kila siku mshipa ni mshipa wa damu, ni mshipa wa fahamu, na ni kano inayoushikiza msuli kwenye mfupa, na vitu hivi vitatu havikandwi kwa namna moja. Kano iliyochoshwa na kazi hupata nafuu kwa kukandwa taratibu. Mshipa wa fahamu uliobanwa ukiubonyeza kwa nguvu unaweza kuamsha maumivu yatakayoteremka hadi kwenye vidole. Na mshipa wa damu ulioziba kwa damu iliyoganda haufai kuguswa kabisa. Vivyo hivyo mtu akisema "kiuno" huenda anamaanisha mgongo wa chini, huenda ni nyonga, na akisema "mguu" anaweza kuwa anazungumzia paja, goti, muundi au unyayo. Mwombe akuonyeshe kwa kidole kimoja. Anayegusa nukta moja tu, na anayepapasa eneo pana kwa kiganja kizima, wamekupa habari mbili tofauti, na wewe bado hujamshika.

Baada ya hapo uliza maumivu yalianza lini, anafanya kazi gani, yanazidi akifanya nini na yanapungua akikaa vipi. Mvuvi wa dagaa wa Kibirizi aliyekesha akivuta nyavu ana mgongo na mabega yaliyochoka kwa sababu inayoeleweka, na baada ya siku mbili za kupumzika kwa kawaida huwa na nafuu fulani. Yule ambaye maumivu yake hayajali kupumzika, yanamwamsha usiku, na tena amepungua uzito, anakohoa na kutokwa jasho usiku, usimkande mgongo hata akikusihi, kwa maana kifua kikuu hushambulia pia pingili za uti wa mgongo, na kila wiki anayoipoteza kwako ni wiki ambayo mfupa unaendelea kuliwa. Aliyekufa ganzi miguu yote miwili au sehemu anayokalia, au aliyeanza kushindwa kuzuia mkojo, aende hospitali siku hiyo hiyo. Mwenye homa usimkande; akapime malaria kwanza. Uliza pia kuhusu presha, kisukari, ujauzito, upasuaji wa karibuni, selimundu (sikoseli), na dawa anazotumia, hasa zile za kuzuia damu kuganda kama warfarini, kwa sababu anayezitumia huvilia damu chini ya ngozi hata kwa mkandamizo ambao kwa mwingine si kitu. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi wanaozaliwa na selimundu, kwa hiyo utakutana na wagonjwa wake. Wasipakwe chochote cha baridi, na mifupa ikiwauma kwa ghafla, hapo ni hospitali na si masaji.

Nikueleze kisa kimoja kuhusu ile damu iliyoganda. Mwanamume mmoja alishuka garimoshi akitokea Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita 800 hadi Tabora, aliyoikalia karibu yote bila kusimama kwa sababu behewa lilikuwa limejaa. Siku ya pili alinifuata akaniomba nimchue nyama ya nyuma ya muundi wa kushoto, kwani aliamini amekazwa na msuli. Nilimwomba avue viatu vyote viwili na kupandisha suruali hadi magotini. Mguu wa kushoto ulikuwa umejaa, ngozi ikimetameta, na nilipoweka mgongo wa mkono wangu kwenye miguu yote miwili kwa wakati mmoja, wa kushoto ulikuwa na joto zaidi. Nilipima kwa utepe wa mshonaji, sentimita 10 chini ya kile kifundo cha mfupa kilicho chini ya goti, nikakuta tofauti ya sentimita nne kati ya mguu na mguu. Tofauti inayozidi sentimita tatu ni dalili ambayo madaktari huichukulia kwa uzito. Sikumgusa tena. Nilimwandikia karatasi na kumtafutia usafiri wa kwenda hospitali, na huko walithibitisha kwamba damu ilikuwa imeganda katika mshipa wa ndani. Laiti ningemchua kama alivyoomba, donge lile lingeweza kung'oka, likasafiri na damu hadi kwenye pafu, na mtu hufa kwa jambo hilo katika dakika chache. Nunua utepe wa mshonaji kabla hujanunua meza. Huko Kigoma, ambako reli inaishia na watu wanashuka baada ya safari iliyo ndefu kuliko hiyo, utauhitaji.

Sasa nije kwa wazazi, kwa kuwa ndiyo kazi uliyoirithi. Mila ya kumkanda mzazi ina mema mengi ndani yake: mwanamke aliyejifungua anahudumiwa, anapumzishwa, anaguswa kwa upole, na yuko mtu mzima karibu anayeweza kuona kama hali yake inabadilika. Sitaki uiache. Kuna mambo ambayo bibi yako huenda aliyafanya kwa nia njema na ambayo wewe usiyafanye. Usilibonyeze tumbo la mjamzito kwa lengo la kumgeuza mtoto, kwani kondo la nyuma linaweza kuachia na mama akavuja damu kwa ndani. Usikande tumbo la mzazi kwa nguvu ili "kutoa damu chafu". Muuguzi anapolisugua tumbo mara tu baada ya kujifungua ili mfuko wa uzazi ujikaze, anafanya hivyo akiwa na dawa mkononi na macho yake yakipima damu inayotoka. Aliyezaa kwa upasuaji usimguse karibu na kidonda kabla daktari hajaruhusu. Kumbuka pia kwamba katika wiki sita za kwanza baada ya kujifungua damu ya mwanamke huganda kwa urahisi kuliko wakati mwingine, hivyo miguu yake ipapaswe kwa wepesi, na utepe wako ufanye kazi kabla ya mikono. Mjamzito ambaye ujauzito umevuka nusu usimlaze chali kwa muda mrefu, kwani uzito wa mtoto hukandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo, akaona kizunguzungu na kichefuchefu. Mlaze kwa ubavu wa kushoto, mto mmoja kichwani, mwingine kati ya magoti, na kanga iliyokunjwa chini ya tumbo.

Kuhusu maji ya moto ninaandika kwa uchungu, kwa kuwa kosa hili nililifanya mimi mwenyewe. Nilikuwa mgeni katika kazi nilipomkanda kwa taulo la maji ya moto mama mmoja mwenye kisukari aliyelalamika kwamba nyayo zinamwaka usiku. Nilimuuliza kama taulo ni la moto mno, akajibu kwamba hasikii lolote, niongeze. Nikaongeza. Kesho yake aliletwa na mwanawe, na kwenye ukingo wa unyayo palikuwa na lengelenge kubwa kuliko sarafu ya shilingi 200. Jibu lake lilikuwa limenieleza kila kitu nami sikulielewa: hakusikia kwa sababu kisukari kilikuwa kimekwisha kuharibu mishipa yake ya fahamu. Kidonda kile kilichukua wiki nyingi kupona, na tulikuwa na bahati kwamba kilipona. Tangu siku hiyo kila mwenye kisukari humwomba afumbe macho, kisha ninamgusa kwa ncha ya kidole, kwa wepesi sana, kwenye kidole gumba, kidole cha kati na kidole cha mwisho cha kila mguu, naye aseme "ndiyo" kila anapohisi. Akikosa mara mbili kati ya hizo sita, hapo hakuna maji ya moto wala kubonyeza kwa nguvu, na ninamshauri akamwone daktari. Maji yenyewe usiyapime kwa kiganja, kwani viganja vya mtu aliyezoea kusonga ugali na kuinjika sufuria vimekwisha kuzoea joto. Yapime kwa ngozi ya ndani ya mkono, chini ya kiwiko. Ikitokea umemuunguza mtu, weka mahali hapo chini ya maji safi ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20, wala usipake mafuta.

Mikono sasa. Mikono utajifunza kwa kuona na kurudia kuliko kwa kusoma, ila misingi yake ni michache. Unaanza kwa kupapasa, viganja vizima vikiteleza taratibu kuelekea upande wa moyo, ili ngozi ipate joto na wewe usome mwili ulio chini yake: wapi pagumu, wapi pana joto, wapi mteja anashtuka. Kisha unakanda, na hapa neno letu linaeleza vizuri kuliko mwalimu, maana ni kule kule kukanda unga wa chapati: unaunyanyua msuli, unaukamua, unauachia, mkono wa pili unapokea. Mahali penye fundo unasugua kwa duara ndogo, ukiingia pole pole. Kugongagonga ni kwa mapaja na mabega yenye nyama, si kwa mgongo wa mzee aliyekonda. Tumia uzito wa mwili wako kwa kuegemea, mikono ikiwa imenyooka, badala ya kusukuma kwa vidole gumba. Wakandaji wengi wameacha kazi hii mapema kwa sababu viungo vya vidole gumba vyao viliharibika. Meza ifike kwenye vifundo vya vidole vyako unaposimama na mikono ikining'inia. Kama utamkandia mteja kwenye mkeka, piga goti moja na kuegemea, usiinamishe kiuno.

Kuna mahali ambapo mkono hupita kwa wepesi au haupiti kabisa: mbele ya shingo, ambapo kubonyeza kunaweza kuyashusha mapigo ya moyo hadi mtu akazimia, kwapani, ndani ya mkunjo wa kiwiko, kwenye kinena, nyuma ya goti, juu ya mfupa wa uti wa mgongo wenyewe, na chini ya mbavu za mwisho, yalipo mafigo. Shingo usiivunje. Ninajua vijana wengi hawaridhiki kutoka kwa kinyozi mpaka kichwa kikamatwe, kizungushwe ghafla na shingo ilie. Mishipa miwili inayopeleka damu kwenye sehemu ya nyuma ya ubongo hupita ndani ya matundu ya pingili za shingo, kuanzia pingili ya sita kwenda juu, na mzunguko mmoja wa ghafla unaweza kuchana ukuta wa mmojawapo, damu ikaganda hapo na kuleta kiharusi kwa mtu ambaye hajafika hata miaka 30. Mteja akikuomba umvunje shingo, mkatalie.

Kuhusu nguvu ya mkono, kuna jambo la kwetu ambalo vitabu vya masaji vilivyoandikwa ugenini havilisemi. Mtu wetu amelelewa kuvumilia, na anaamini kwamba dawa isiyouma haiponyi. Ukimuuliza "Inauma?" atajibu "Hapana, endelea," hasa akiwa mzee anayeona haya kumlalamikia mtoto. Muulize hivi: "Niongeze, nipunguze, au nibaki hapa hapa?" Swali hilo linamfanya yeye kuwa mwenye uamuzi, na halimwonyeshi kuwa mnyonge. Unaweza pia kumwambia kwamba sifuri ni kutohisi lolote na kumi ni maumivu yasiyovumilika, kisha ukakaa kwenye tano au sita. Huku ukiuliza, tazama mwili, kwa kuwa wenyewe hauoni haya: vidole vya miguu vinavyojikunja, pumzi iliyozuiwa, ngumi iliyoshika kanga. Ukiona hayo, punguza hata kama amesema endelea. Msuli unaojihami hukaza zaidi, na utamaliza saa nzima ukipigana nao.

Usimwahidi mteja mambo ambayo masaji haiyafanyi. Haitoi sumu mwilini, wala haihitajiki kuondoa ile asidi ya kwenye misuli baada ya kazi ngumu, kwani mwili huiondoa wenyewe katika muda wa saa moja hivi. Inachofanya ni kupunguza maumivu ya mgongo kwa muda, kulegeza misuli, kumsaidia mtu alale na kumpa utulivu, na haya ni makubwa ya kutosha kwa mtu aliyebeba magunia bandarini wiki nzima.

Katika mafuta uko mahali pazuri, ila mawese ya mkoani kwenu yaache jikoni. Rangi yake hushika shuka na nguo za mteja, na harufu yake haitoki. Mafuta ya mise, yale ya kokwa za mchikichi, au ya nazi yaliyochujwa vizuri yanatosha. Mafuta ya karanga yaepuke, kwa ajili ya wale ambao karanga huwadhuru. Mafuta yoyote mapya yapake kidogo ndani ya mkono wa mteja na umwangalie kesho yake kabla ya kumpaka mwili mzima, na dawa za kuchua zenye ukali usizichanganye na maji ya moto. Mimina kiasi kwenye kibakuli kwa kila mteja, usichovye vidole kwenye chupa. Kucha ziwe fupi, pete ivuliwe, mikono ioshwe kwa sabuni sekunde 40 hadi 60 kabla na baada ya kila mteja, na shuka ibadilishwe kila anapoinuka mtu, kwa maana upele huhama kwa njia hiyo.

Namna ya kumsitiri mteja ndiyo itakayokujengea au kukubomolea jina, hasa katika mji kama Ujiji ambako watu wana staha na dini yao, na ambako neno masaji limekwisha kuwatia watu wasiwasi. Mweleze kwanza, akiwa amevaa na ameketi, utamkanda wapi na kwa nini, na nguo gani atavua kama yuko radhi. Mwambie kwamba anaweza kubaki na nguo yoyote anayotaka na kwamba anaweza kukusimamisha wakati wowote. Toka nje anapovua. Mfunike kwa kanga mbili, ufunue sehemu moja unayoikanda, uifunike, ndipo ufunue nyingine. Kichwa na miguu omba ruhusa upya. Mwanamume anayetaka kuja na mkewe, au mwanamke anayetaka dada yake aketi humo chumbani, mpe kiti. Na mtu akianza maneno au matendo yasiyo ya tiba, simamisha kazi, mwambie wazi kwamba huduma imeishia hapo, na toka chumbani. Nawe uwe na mtu wa karibu anayejua uko na mteja saa ngapi.

Yale uliyoambiwa yaandike kwenye daftari: tarehe, malalamiko, majibu ya maswali yako, ulichokifanya na alivyojisikia. Lifungie. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu habari za afya ya mtu kuwa nyeti, na hata kama isingekuwapo, mji ni mdogo na watu wanajuana. Huduma za tiba asili na tiba mbadala zinasimamiwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, lililoundwa kwa Sheria Na. 23 ya mwaka 2002, kwa hiyo kabla ya kulipa kodi ya chumba nenda ofisi ya Mganga Mkuu wa Manispaa ya Kigoma/Ujiji, ueleze kazi unayotaka kufanya, na uulize taratibu za usajili wako na wa mahali pako. Kwa mafunzo, omba mtaalamu wa fiziotherapia aliye karibu nawe akufundishe mifupa, misuli na mishipa mikubwa, na akuruhusu umtazame anapomhoji mgonjwa. Ukija kupata fedha na nafasi ya kusoma zaidi, fiziotherapia inafundishwa kwa miaka mingi sasa katika hospitali ya KCMC, Moshi.

Wakati ukisubiri hayo, chagua watu watatu wa nyumbani wenye afya, wa umri tofauti, na umkande kila mmoja mgongo kwa dakika 20 mara moja kwa wiki, ukiwahoji kwanza kama wageni kabisa. Nawe ukandwe na mwenzako anayejifunza, ili ujue mkono unaoharakisha unavyohisika ukiwa umelala kifudifudi usione kitu. Kesho yake warudie kila mmoja, umuulize alilalaje na ni mahali gani alitamani upunguze akaona haya kusema, kisha uandike jibu lake kwa maneno yake mwenyewe. Baada ya miezi mitatu niletee daftari hilo, tulisome pamoja kabla hujakodi chumba.